Hema Lisilolowa

Kangemi, Nairobi
Jumapili, mwezi wa Julai

Mama Wafula,

Kabla hujasoma, geuza bahasha uitazame nyuma. Nimeifunga kwa gundi ya turubai, ile ambayo hata mvuke wa sufuria hauifungui. Ukiona imepasuliwa, basi ni Wekesa fundi viatu, maana ndiye niliyempa ailete, na umwambie nimejua. Ukiona iko sawa, mpe uji na umshukuru kwa niaba yangu. Halafu soma ukiwa ndani. Usimpe Nafula akusomee uani kwa sauti, kwa sababu majirani zetu hawana kazi Jumapili.

Mwenzangu, goti lako limesemaje na baridi hii? Na mama, kile kikohozi chake cha asubuhi kimemwachia? Mliniandikia kwamba ng'ombe amezaa lakini hamkusema kama ni dume au jike, nami nikajua tu ni dume, kwa sababu habari njema hamzisahau. Mimi ni mzima. Mgongo unauma kila nikiinama, na mkono wa kushoto bado haukunjiki vizuri, lakini kula nakula na kulala nalala. Huku Kangemi hakujabadilika kitu isipokuwa jirani mpya wa mlango wa pili, ambaye ananisalimia kwa heshima mno. Nimeanza kuingiza ndoo yangu ndani.

Swali lako nimeliona. Uliliandika mwishoni, peke yake, bila maneno mengine ya kulisindikiza: "Utakuja Agosti, au Wafula atasimama kama mtoto asiye na baba?" Nililisoma nikiwa nimekaa juu ya rundo la viti, na Odhiambo, mwenzangu wa kazi, akaniuliza kama kuna msiba. Wewe ni Mteso uliyeolewa Bukusu, lakini mila hii umeijua kuliko dada zangu. Mtoto hutahiriwa mara moja. Baba asipokuwa nyuma yake asubuhi hiyo, watu watalisema hata akiwa na wajukuu. Kwa hiyo nitakujibu, ila niache nianzie mbali, kwa sababu jibu lenyewe limepita kwenye kompyuta, na mimi kompyuta siiamini, na aliyeileta sijui kama nimwamini.

Kazi yangu unaijua, ya mahema na viti vya kukodisha. Harusi, matanga, mikutano ya kanisa, wazungu wa mtaa wa Karen wakitaka kula nje. Ofisi iko katikati ya mji, huko Bwana Harish anakaa na karani wake. Sisi tuko yadi, huku bondeni chini ya Kitisuru, tunapakia na kupakua. Marehemu baba yake Bwana Harish ndiye aliyeianzisha kampuni, na alikuwa akija yadi kila siku, anakanyaga matope kama sisi. Huyu mwana ameirithi juzi. Ni mtu mpole, lakini yadi haji. Viatu vyake havitaki, na mbwa wa jirani hawamtaki.

Sasa nikueleze jambo ambalo miaka yote hukulijua. Ulikuwa ukishangaa mbona nafika nyumbani Jumanne alfajiri na kuondoka Jumatano, siku ambazo waume wa wenzako wako kazini. Mara moja uliniuliza kama nimefutwa ninakuficha, nikakasirika nikaenda kulala. Ilikuwa hivi. Hema likirudi limelowa, huwezi kulikunja ukaliweka stoo. Litaota ukungu na kunuka kama soksi za askari. Lazima lianikwe kwenye zile nyaya tulizofunga nyuma ya yadi, siku mbili, na wakati wa baridi hata tatu. Kila hema kubwa lina watu wake wawili, na langu ni la kwangu na Odhiambo. Karani akipiga simu kuuliza hema liko wapi, Mzee Mutua, nyapara wetu, anamjibu, "Hilo bado, watu wake wako nalo." Karani hakuwahi kuuliza wako nalo wapi, wala wanalifanya nini. Lakini hema linajianika lenyewe, Mama Wafula. Anahitajika mtu mmoja tu wa kuligeuza. Mwingine anapanda basi kwenda kwao. Wiki nyingine wanabadilishana. Likizo ya Bwana Harish ni Januari, wakati hakuna harusi. Likizo yetu sisi ilikuwa mvua.

Basi mwezi wa pili, jua likiwaka kweli kweli, akaja msichana mmoja anaitwa Wairimu. Alishuka kwa gari dogo, amevaa suruali, ana karatasi kubwa zilizokunjwa kama ramani.

"Sasa, wazee wangu," akasema. "Naitwa Wairimu. Msiniogope, sijakuja kufuta mtu."

Nikuulize wewe. Mtu akiingia kwako, hujamwita, akaanza kwa kusema hakuja kuiba, kuku wako utawaacha nje?

Alisema ametoka kwenye ofisi moja huko Upper Hill. Kazi yao ni kuingia kwenye kampuni za watu, kuangalia kazi inavyotembea, kuichora, halafu kuitengenezea mfumo wa kompyuta. Bwana Harish anataka karani wa mjini afungue kompyuta na kuona kila hema liko wapi, bila kupiga simu. "Kwa hivyo nataka tu kujua," akasema, "tenti ikirudi hapa, nani anaishika, anaifanya nini, halafu anampa nani." Akabandika karatasi moja ukutani, akachora sanduku, akachora mshale, akasimama na kalamu akitungoja.

Siku hiyo mchana tukiwa tunakula githeri, Mzee Mutua alituita nyuma ya lori.

"Mmesikia vile anauliza? Nani anaishika, halafu nani. Huyo ametumwa kuhesabu mikono. Akishamaliza kuhesabu, mikono itapungua."

"Lakini anasalimia vizuri," Odhiambo akasema.

"Hata mchinjaji humsalimia mbuzi."

Tukacheka, lakini chakula hakikushuka vizuri. Mimi mwenyewe niliona kwamba msichana huyu akijua habari ya kuanika, atauliza ni nani anayeanika. Akiambiwa ni watu wawili, atataka kuwaona. Atamkuta mmoja. Hapo mchezo umekwisha, na pengine kazi pia. Mzee Mutua akatuamuru. Pale langoni kuna bango la zamani la rangi nyekundu lililoandikwa kwamba mali yote irudi stoo siku hiyo hiyo. Hakuna aliyelifuata tangu nifike Nairobi. "Jibuni bango," akasema Mzee Mutua. "Neno moja zaidi, mtu ajitafutie kazi."

Wairimu alituuliza mmoja mmoja. Alinifuata mimi nikiwa nimebeba nguzo.

"Simiyu, tenti ikirudi unafanya nini kwanza?"

"Naishusha."

"Halafu?"

"Naikunja."

"Halafu?"

"Naiweka stoo."

"Siku hiyo hiyo?"

"Ndivyo bango linasema."

Akainua macho kutoka kwenye karatasi. "Sijauliza bango, Simiyu. Nimekuuliza wewe."

Nikabadilisha nguzo bega, nikasema, "Na mimi nasema hivyo hivyo." Akaandika.

Hakuwa mjinga. Alizunguka nyuma ya yadi akaona nyaya. "Na hizi ni za nini?"

"Za kuanika nguo zetu, dada," Odhiambo akamjibu.

"Nguo za nani? Za ndovu?" Nyaya zilikuwa juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. "Na tenti ikilowa je?"

"Hailowi," Odhiambo akasema, na uso wake haukutikisika. "Hiyo turubai ni kama bata. Maji inateleza inaenda zake."

Wairimu akacheka, akaandika. Kulikuwa na vumbi kila mahali, na kila hema lililorudi lilikuwa kavu kama ngozi ya ngoma. Angebishana na nini? Alikunywa chai na sisi katika vikombe vyetu vya bati, akajifunza majina yetu, akauliza hata watoto. Alipoondoka, Mzee Mutua akasema, "Mtu wa kujifunza majina haraka hivyo, mwogopeni."

Mwezi wa nne kompyuta ikaletwa. Ni kama runinga yenye mgongo mkubwa, ikawekwa stoo juu ya meza iliyofunikwa kitambaa. Mahema yakaandikwa namba. Mzee Mutua akafundishwa: hema likiingia langoni, anabonyeza namba yake, na huko mjini karani anaona hema liko tayari kukodishwa tena. Anabonyeza kwa kidole kimoja, huku amekunja uso kama mtu anayetoa mwiba. Sisi tulimcheka kwa siri na tukasema tumepona. Hakuna aliyefutwa. Mikono haikupungua.

Halafu mvua ikaanza.

Ile Jumamosi ya kwanza tulirudi na hema letu limelowa chapa chapa. Mzee Mutua akabonyeza namba, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na lisipobonyezwa kompyuta inapiga kelele huko mjini. Kesho yake asubuhi lori likaamriwa: hema namba yetu liende matangani Kabete. "Bado ni maji matupu," nikamwambia Mzee Mutua. Akanitazama tu. Angemwambia nini karani? Kwamba hema linalowa? Tulishasema hailowi. Tulilipakia na maji yake.

Ikawa hivyo mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Hema linaingia linatoka, linaingia linatoka. Lile sanduku na mshale wake, Mama Wafula, ni uongo wetu sisi wenyewe, ila sasa umepata umeme. Hakuna hata mmoja wetu aliyeenda nyumbani tangu hapo. Mzee Mutua hakumzika shangazi yake huko Kitui. Odhiambo mke wake amejifungua, mtoto ameanza kucheka, hajamwona. Na turubai likiwa na maji uzito wake ni wa mara mbili. Ndiyo hadithi ya mgongo wangu.

Mwezi wa sita ulipokuwa ukiisha nikavaa shati safi nikaenda mjini kumwona Bwana Harish mwenyewe. Sikutaka kupitia kwa mtu. Alinipa kiti. Akaagiza chai.

"Agosti?" akasema. "Simiyu, Agosti ni harusi tupu."

"Ni mtoto wangu, bwana. Anatahiriwa. Kwetu baba lazima awe hapo."

"Naelewa. Hata sisi tuko na mambo ya watoto, baba lazima." Akageuza kompyuta nione. "Lakini ona mwenyewe. Hema yako iko kazi kila wikendi, na katikati ya wiki pia. Iko tayari, inatoka. Iko tayari, inatoka. Nikikutoa wewe, Odhiambo atainua peke yake?"

Nikatazama. Mistari mingi, yote kijani kama shamba la mtu mwingine. Kila mahali hema letu lilipoingia langoni, siku ile ile pana kijani. Hapakuwa na siku hata moja ya kuanika. Ndiyo kwanza nikaona maneno niliyomwambia yule msichana nikiwa na nguzo begani, yamepangwa safu safu. Nikanywa chai nikaondoka. Ndiyo sababu barua yako ilikaa bila majibu. Si kwamba nimesahau nyumbani.

Mwanzo wa mwezi huu ndipo jambo likalipuka. Harusi ya watu wakubwa huko Karen, nyasi zimekatwa kama zulia. Siku hiyo hata hakukunyesha. Lakini hema letu lilikuwa limekunjwa na maji ya matanga matatu, na tulipoliinua mbele ya wageni waliokuja mapema, mikunjo yote ikafunguka pamoja. Maji ya siku nyingi, meusi, yakamwagika juu ya meza ya wazee wa bibi harusi, vitambaa vyeupe na maua na kila kitu. Na harufu! Shangazi mmoja mwenye kofia kubwa akaziba pua akauliza kwa sauti, "Hii ni hema ama ni samaki?" Odhiambo akaninong'oneza, "Bata ameoza." Sikuweza kucheka. Baba wa bibi harusi alikuwa tayari kwenye simu na Bwana Harish.

Jumatatu Bwana Harish alikuja yadi, na viatu vyake na matope yote. Akamwita na Wairimu. Tukapangwa mstari. Lile hema lilikuwa chini katikati yetu, na madoa yake ya ukungu.

"Nani alitoa tenti imelowa?" Bwana Harish akauliza.

Mzee Mutua akavua kofia. "Bwana, sisi tunafuata kompyuta. Kompyuta ilisema iko tayari."

Bwana Harish akamgeukia msichana. Aliongea naye kwa Kiingereza cha haraka, mimi nikashika kidogo tu, lakini uso wake ulitosha. Wairimu alikuwa na yale makaratasi kifuani. Nilingoja aseme, "Ni wao, walinidanganya, ona hapa jina la Simiyu na jibu lake." Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakwambiaje. Hakusema. Alituangalia mmoja mmoja, taratibu, mimi akanitazama kidogo zaidi. Kisha akasema kwa Kiswahili, ili tusikie, "Ni kosa langu. Kuna kitu sikuona. Nipe wiki."

Mzee Mutua alitema mate walipoondoka. "Mtu hajitwishi kosa la bure," akasema. "Anatutafutia kamba."

Nami nilifikiri hivyo hivyo, usidhani nilikuwa na imani.

Alirudi Alhamisi, manyunyu yakianguka, bila gari dogo, amevaa gambuti za mtu mkubwa kuliko yeye. Hakutusalimia kwa majina. Alienda moja kwa moja nyuma ya yadi akasimama chini ya zile nyaya.

"Mimi nilichora kile mlinipa," akasema. "Kama mlinipa uwongo, ndio huo umesimama pale stoo unabonyezwa. Siulizi nani. Nauliza tu, tenti ikilowa inaenda wapi?"

Mzee Mutua aliangalia mbingu. Odhiambo alianza kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Mama Wafula, nilifikiri hivi. Nikinyamaza, Agosti ni kijani yote. Nikisema, huenda nikapoteza kazi, lakini mtu aliyefutwa angalau hufika nyumbani. Nikasema, "Inaanikwa hapa."

"Siku ngapi?"

"Mbili. Baridi ikiwa kali, tatu."

Nilimsikia Mzee Mutua nyuma yangu akiguna kama ng'ombe.

"Kwa nini hukuniambia ile siku?"

"Uliuliza nani, halafu nani," nikamwambia. "Huku mtu akiuliza hivyo ni polisi au ni askari wa kanjo."

Akafungua karatasi juu ya pipa, mvua ikiidondokea, akachora sanduku jipya kati ya lango na stoo. Akaandika ndani: Kuanika. "Tenti ikiingia na maji, Mzee atabonyeza hapa kwanza. Mjini haitaonekana iko tayari mpaka ikauke. Sawa." Halafu akauliza lile nililokuwa nikilingoja tangu mwezi wa pili. "Kazi ya kuanika inataka watu wangapi?"

Odhiambo aliacha kiatu chake akanitazama.

"Wawili," nikasema.

"Wawili." Aliweka kalamu mfukoni. Lile hema la Karen lilikuwa bado pale chini. Akashika pembe yake moja, akarusha kamba juu ya waya, ikamshinda, akarusha tena, ikapita. Akazunguka upande wa pili akavuta kwa uzito wake wote, gambuti zikizama kwenye tope, na hema likapanda. Si vizuri, lilikuwa limepinda, lakini lilipanda, na maji yakaanza kuchuruzika. Peke yake. Alisimama akihema, mikono imejaa ukungu, akitutazama. Hakuna aliyeweza kumtazama yeye.

Kisha akajifuta mikono kwa suruali, akachukua kalamu, akaandika kwenye lile sanduku: watu wawili. Alisema hata kwa sauti alipokuwa akiandika. Akakunja karatasi akaenda zake kusimamisha gari barabarani.

Tangu siku hiyo tunabishana. Odhiambo anasema ametusaidia, ameelewa kila kitu na ameliacha. Mzee Mutua anasema, "Nairobi hii, nani humsaidia mtu bila sababu? Amewapa kamba ndefu. Wa kwanza kupanda basi, ataitwa jina langoni asiwepo." Mimi mwenyewe nimelala na jambo hili nikaamka nalo. Mtu akijua siri yako akanyamaza, ni rafiki, au ni mtu anayengoja. Sura yake haikuniambia ni ipi.

Mfumo ulibadilishwa wiki iliyopita. Sanduku la kuanika liko, nimeliona kwa macho yangu kwenye kompyuta, rangi ya manjano, na majina yetu wawili chini yake. Na unajua tumefanya nini? Hakuna aliyeenda nyumbani. Kila hema lililolowa limekaa kwenye nyaya na watu wawili chini yake, wamekaa kwenye viti vya harusi, wanalitazama likikauka. Kila mmoja anangoja mwenzake awe wa kwanza kunaswa. Hata Odhiambo, mwenye mtoto asiyemjua, anasema atanitazama mimi kwanza nikirudi salama.

Basi wa kwanza nitakuwa mimi. Kama ni mtego, uninase nikiwa nimeshasimama nyuma ya mwanangu.

Lakini kuna jambo moja, na hili ndilo jibu lako. Jumamosi ya kabla ya siku ya Wafula, hema letu litakuwa Karen tena, harusi nyingine. Likirudi limelowa, Jumapili litaingia kwenye manjano, nami Jumapili hiyo jioni nitakuwa kwenye basi, na Jumatatu nitawakuta mkikoroga pombe ya busaa. Likirudi kavu, litatoka tena kesho yake, na mimi nalo. Odhiambo ameniambia, "Omera, si kuna mpira wa maji hapa? Mvua ya mpira pia ni mvua." Nimekataa. Uongo mmoja tulishausema, ukatengenezewa kompyuta. Mwingine sitaki kujua utatengenezewa nini.

Kwa hiyo mkisali, salini vizuri. Huko nyumbani ombeni jua, wageni wasilowe na mtoto asiteleze. Huku ombeni mvua, na muitaje Karen kwa jina, isije ikanyesha Thika bure.

Mwambie shemeji Emojong, kaka yako, kwamba mjomba ndiye mwenye kumchinjia mtoto nyama, asitafute sababu. Nimesikia amekuwa akilalamika juu ya ng'ombe wake na sijaipenda harufu ya malalamiko hayo. Mzee Wanyonyi anayetunza njuga za ukoo atakazopiga Wafula, msalimu na umwambie azikague kamba zake mapema. Mama mwambie namwona ndotoni akinigombeza, maana yake yu mzima. Nafula aendelee na shule, na aache kusoma barua za watu wazima kupitia dirishani. Najua unasoma, Nafula.

Na Wafula. Alizaliwa mvua ikipiga bati mpaka mkunga hakusikika, kwa hiyo baridi ya mtoni na tope la kupakwa alfajiri havitamshangaza. Ila mwambie neno hili kutoka kwangu. Akishasimama, asigeuze macho kutazama barabarani kama nimefika. Aangalie mbele tu. Nikiwa nyuma yake atanijua bila kugeuka, maana nitakuwa nanuka ukungu. Na nisipokuwapo, asiseme baba alikataa. Ajue tu kwamba Nairobi kulikuwa na jua.

Mume wako na baba yao,
Simiyu